Ujumbe Alioupata Luhaga

Kome, 8 Juni 2025

Akelo,

Mimi mzima. Samaki nao wazima, isipokuwa kwenye kizimba cha mwisho fisi maji kakata wavu tena, sato wametoka, na bosi anasema nililala. Sikulala. Mimi nikikaa pale juu ya maboya naangalia maji tu, wewe unanijua.

Karatasi yako Luhaga kanipa aliporudi na boti yake kutoka Mwanza. Umeandika hivi: "Kwa sasa usinipigie simu wala usinitumie meseji. Niandikie barua kama zamani. Nitakueleza." Nikaisoma, nikaikunja, nikaifungua tena nikidhani nyuma kuna mengine. Hakuna.

Kuandika siogopi. Niliishia darasa la nne lakini kwenye karatasi naongea kuliko kwenye simu. Kwenye simu nakuwa bubu, unaniuliza "upo?" mpaka vocha inakata. Lakini mtu akikuambia usipige, na hajasema kwa nini, kichwa kinajitafutia sababu chenyewe. Changu kimeshapata nyingi. Kuna mtu anakaa karibu na hiyo simu? Nauliza tu.

Ile kodi ya chumba niachie mimi kama nilivyosema. Bosi hajatulipa, anasema mpaka tuvune. Mwambie mwenye nyumba avumilie kidogo.

La mwisho ndilo kubwa. Mzee Zadok wa kanisani Kisesa kakubali kuwa mshenga wetu. Jumapili tarehe 6 Julai anakwenda Shirati kwa baba yako kupeleka maneno. Anasema Wajaluo wenzake anawajua, hatarudi mikono mitupu. Kanifundisha na salamu, ili siku yangu ikifika nisisimame kama mti.

Bahasha nimeibandika kwa ugali, na juu ya ugali nimeweka gamba la sato. Ukilikuta limepasuka ujue kuna mkono umepita. Niambie.

Shimba


Buswelu, 12 Juni 2025

Shimba wangu,

Gamba lilikuwa zima. Ila bahasha inanuka mpaka Winnie hapa saluni kauliza kama nimeletewa kitoweo. Nikamwambia ni barua ya mchumba. Akasema basi huyo mchumba akaangwe.

Simu yangu inalala chini ya mto wangu, na kwenye mto huo kuna kichwa kimoja. Usianze.

Kodi imeshalipwa. Mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mpigo au nitoe vitu nje, nikampa miezi sita. Nilijibana. Usiniulize zaidi, wewe shughulika na fisi maji wako.

Habari ya mzee Zadok imenifurahisha, nimesuka mteja nusu kichwa nikasahau nilianzia wapi. Nimemwambia baba aweke Jumapili hiyo. Mama anasema kaanza kupaka chokaa nyumba, na baba yangu huwa hapaki chokaa hata kwa Krismasi.

Kuhusu simu naomba uvumilie. Ni kitu kidogo, kitapita.

Akelo wako


Kome, 17 Juni 2025

Akelo,

Umesema nisiulize zaidi. Nimekaa siku zote hizi sijauliza. Sasa nauliza.

Kujibana gani? Nilikaa na wewe Pasaka, niliona unavyohesabu mafuta ya kula kwa kijiko. Mtu wa kusuka nywele hajibani akatoa miezi sita. Kodi nilisema naleta mimi. Hukungoja. Kuna mtu alisema analeta haraka zaidi?

Halafu Luhaga. Mimi naangalia watu kama ninavyoangalia maji. Juu yametulia, lakini samaki wakikimbilia upande mmoja ujue chini kuna kitu. Luhaga akirudi Mwanza siku hizi kanyoa. Zamani alikuwa anasema, "Shemeji anakusalimia." Wiki hii anasema, "Akelo mzima." Shemeji imekwenda wapi? Juzi simu yake ikaita, akapanda nayo kwenye jiwe, nikamsikia anasema "Akelo" mara mbili, kwa sauti ya chini. Aliponiona akakata. Akaniangalia kama mtu anayeangalia ng'ombe wa jirani anayeumwa.

Jana tunakula, akasema bila kuulizwa, "Pazia la bluu linapendeza chumba." Sikuuliza pazia gani. Mimi nilipokuja la kwako lilikuwa la kijani.

Najua ataibeba barua hii yeye mwenyewe. Angalia gamba.

Shimba


Buswelu, 21 Juni 2025

Shimba,

Gamba zima. Lakini mimi nimepasuka.

Pazia la bluu ni kile kitenge ulichoniletea wewe mwenyewe Pasaka. La kijani lilichanika. Luhaga aliliona kwa sababu alisimama mlangoni na ndoo ya samaki uliyomtuma wewe. Ulitaka aiache barabarani? Alisema pazia zuri, nikasema nimepewa na Shimba, akasema kumbe naye ana macho. Hayo ndiyo mapenzi yetu mimi na Luhaga, yaliishia hapo, na ndoo nikairudisha.

Kwamba ananyoa, muulize kinyozi.

Kuna jambo, sikatai. Nimelikalia peke yangu kwa sababu yangu, na likiisha utalisikia lote mdomoni mwangu, siyo kwenye karatasi inayopita mikononi mwa watu. Naomba kitu kimoja tu. Usinilinde kama kizimba. Samaki wako hawawezi kukujibu, mimi naweza, na nikijibu niamini.

Akelo


Buswelu, 28 Juni 2025

Shimba,

Naandika nimesimama, Luhaga anawahi boti yake mwaloni Kirumba na inaelekea mashine inamsumbua.

Kama kuna ujumbe umefika huko kambini leo kuhusu mimi, usiusome. Kama umeshausoma, mimi siyo mwizi. Nilikopa kwenye simu, kwenye ile Tuliza Chap wanayoitangaza kila mahali, na sasa wamenigeuka. Wametuma kwa watu. Mama mchungaji ameupata. Wateja wangu wameupata. Winnie kanishika nisianguke.

Yupo anayenisaidia, anaitwa Nathaniel, ana dirisha la uwakala wa pesa za simu pale stendi ya Buswelu. Kesho kutwa nakwenda naye mjini. Nitakuandikia vizuri nikitulia.

Mzee Zadok aende Jumapili kama tulivyopanga. Hilo tu ndilo limebaki limesimama.

Akelo


Kome, 29 Juni 2025

Akelo,

Barua hii anakuletea dada Kija anayetupikia, anakwenda hospitali Mwanza. Luhaga bado hajarudi, na hata angekuwepo nisingempa.

Nakuambia ilivyokuwa. Jana asubuhi, Luhaga hajaondoka, tumekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa tunakunywa uji. Simu yake ikalia. Akasoma, akaifunika pajani. Hajameza funda, ya Kija ikalia. Halafu ya bosi. Kija hasomi vizuri, akamwomba bosi amsomee, na bosi unamjua, sauti yake inasikika ng'ambo. "Huyu AKELO OKECH ni tapeli. Kachukua pesa za watu kakimbia. Wewe ni mdhamini wake. Alipe leo la sivyo tunakufuata wewe." Kwenye simu ya bosi na ya Luhaga imekuja na picha yako, ile ya kilemba cha njano. Wamekuandika MWIZI kwa rangi nyekundu, kuanzia jicho mpaka jicho.

Mimi nikatoa simu yangu ya kitochi. Hakuna kitu.

Bosi akauliza, "Shimba, wewe wamekuandikiaje?"

Nikasema, "Mtandao."

Nikapanda kwenye jiwe. Nikazima, nikawasha. Nikatoa laini nikaipuliza. Niliporudi Luhaga akasema, "Huyu mwacheni, hamuoni mdhamini ni mimi?" Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Bosi alitueleza. Anasema hizi kampuni ukikopa zinakuomba ruhusa ya kuona majina, ukibonyeza tu zinachota kila jina lililo kwenye simu yako, siku ukichelewa zinawaandikia wote. Wote. Nikafikiri mtu mmoja mmoja. Bosi, namba yake nilikupa mimi, nikizama upate wa kumuuliza. Kija, ulimtumia rasta za kusukia. Luhaga, sijui. Hilo utajijibu mwenyewe. Lakini yumo. Mimi simo.

Deni halinisumbui. Ungekuwa umeiba kweli ningekuja kukaa na wewe mahabusu. Kinachonila ni kwamba mwanamke ana simu imejaa watu, wateja, mchungaji, dereva wa boti, na jina langu halimo. Nilitaka kuandikiwa. Nilitaka nitukanwe na mimi kama wenzangu.

Sasa ndiyo naelewa ile "usinipigie simu". Mtu huwezi kupigiwa na namba uliyoifuta, itatokea bila jina, aliye karibu atauliza huyu nani.

Nimempigia mzee Zadok. Nimemwambia asiende Shirati.

Shimba


Kome, 4 Julai 2025

Akelo,

Luhaga kafika baada ya mashine kupona, kanipa ile ya tarehe 28. Nimeisoma.

Kwa hiyo yupo na Nathaniel. Ana dirisha stendi. Mimi kodi ikinishinda, Luhaga anaona pazia, na mambo yakiharibika Nathaniel anakupeleka mjini. Mimi kazi yangu kuweka gamba.

Umeniambia umekopa. Hujaniambia kwa nini mimi simo.

Luhaga alitaka kuniambia kitu, nikaondoka. Kizimba cha mwisho nimekishona. Mzee Zadok haendi.

Shimba


Buswelu, 8 Julai 2025

Shimba,

Barua zako mbili nimezipanga mezani. Hii yangu ni ndefu, kaa chini, waache samaki wajilinde.

Kwanza nikueleze Jumapili. Baba alipaka chokaa. Alitoa viti vyote nje akaazima na vya jirani. Mama alichinja kuku. Wajomba walikuja na makoti. Wakakaa mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba, mzee Zadok hakutokea wala hakupiga simu, labda aliona aibu. Wewe hukunipigia, uliandika barua ukampa mgonjwa aliyepitia hospitali kwanza, imenifikia jana. Baba naye alikuwa ameupata ule ujumbe. Alinipigia usiku huo akasema, "Wamesikia wewe mwizi, wamekimbia." Kuhusu deni nilijitetea. Kuhusu wewe nilikata simu.

Sasa sikia.

Mwenye nyumba alishanipa siku ya mwisho. Ulisema utaleta, na mimi najua ukisema kitu unamaanisha, na najua bosi wako. Ningekuambia nimekopa ungeona nimekutukana, ungekaa kimya wiki nzima. Ndiyo maana nilificha. Siyo kwa sababu nyingine.

Tangazo lilisema mkopo wa mwezi, riba ndogo. Nilipobonyeza, pesa iliyoingia haikuwa niliyoomba, walishakata ada juu kwa juu. Siku ya tano wananipigia, nalala na deni hili naamka na lile, kila asubuhi limezaa. Nikiuliza mkataba uko wapi, ananijibu mwanamke mwenye sauti tamu, "Dada, ulibonyeza nakubali." Nilibonyeza kweli. Sikusoma. Nani anasoma? Maandishi madogo kama mayai ya chawa, na mwenye nyumba yuko mlangoni anagonga.

Walianza na Luhaga kabla hawajatuma kwa wote. Wakamwambia mimi ndiye nilimwandika mdhamini, kitu ambacho sikufanya, wanaokota jina tu. Wakampigia kila siku. Aligombana nao pale kwenye jiwe, "Akelo hana shida na mimi, Akelo mwacheni," ndiyo hiyo "Akelo" uliyoisikia. Nilimwomba asikwambie. Akaacha kuniita shemeji mbele yako kwa sababu, anasema, akiitamka anajisikia kama anakudanganya. Na jinsi namba yake ilivyoingia kwenye simu yangu, jaribu kukumbuka. Mwaka jana simu yako ilizama ziwani, ukanipigia kwa simu ya nani? Ukasema, "Hii itunze, ni ya rafiki yangu." Nikaitunza.

Nathaniel ni kijana, ndiyo. Na ana meno mazuri. Umefurahi? Alimaliza mafunzo ya msaidizi wa kisheria wa kata, na hao hao walimfanyia hivyo dada yake. Nilikwenda dirishani kwake kutuma pesa kwa namba waliyonipa. Akarudisha simu yangu akasema, "Dada, hii ni namba ya mtu, siyo ya kampuni. Ukituma hapa deni linabaki palepale." Akaniuliza kampuni ina leseni? Sikujua kama kampuni ya kukopesha inaulizwa leseni. Tukaangalia orodha ya Benki Kuu, ya waliopewa leseni. Tuliza Chap haimo. Akasema hata ingekuwemo, deni la mtu halitangazwi kwa ndugu zake na picha haichafuliwi.

Nilikuwa karibu kukopa kwa nyingine ili niwalipe hawa. Winnie ndivyo alivyofanya mwaka juzi, akaishia na kampuni nne. Nathaniel akanikataza. Nilitaka kufuta zile meseji kwa aibu, akanikataza pia, tukazipiga picha zote, na za watu waliotumiwa, tukapeleka polisi mjini na malalamiko Benki Kuu. Akanionyesha kwenye simu pale pa kuwanyang'anya ruhusa ya kuona majina. Nimewaandikia watu wangu wote, mmoja mmoja: mimi siyo tapeli, nyie siyo wadhamini, mkipigiwa msilipe. Itaishaje sijui. Kile nilichopokea nitakilipa, nikipata pa kulipa penye risiti. Hayo mazao yao ya kila asubuhi wayale wenyewe.

Sasa nakuja kwako.

Winnie yalipomkuta, niliona. Waliandikiwa wote, mpaka mchumba wake wa Geita, na akamwacha. Kwa hiyo usiku ule kabla sijabonyeza, nilijua wanachota majina. Nikawaza nani asichotwe. Sikumuwaza mama mchungaji. Sikumuwaza bosi wako. Nilijua nitalipa ndani ya mwezi, wengine hawataguswa. Lakini wewe sikutaka hata kubahatisha. Nikakufuta. Nikafuta meseji zako zote, nikafuta na orodha ya simu ulizonipigia. Baada ya hapo ungenipigia mara moja tu, namba yako ingerudi pale wakaiona. Ndiyo maana nikasema usinipigie, niandikie.

Na sikuiandika popote, Shimba. Namba ya Winnie siijui bila kuangalia. Ya baba siijui. Yako niamshe usingizini nitakutajia. Ndiyo namba pekee niliyoweza kuifuta.

Umemzuia mshenga wangu kwa sababu hukutukanwa.

Gamba la ile barua ya kwanza lilifika limepasuka. Kija anasema aliikalia bahasha. Usije ukaanza na Kija.

Akelo


Shirati, 13 Julai 2025

Akelo,

Nimekaa kwenye kiti cha jirani, baba yako bado hajakirudisha. Nyumba ni nyeupe kweli, mkono wangu umeshika chokaa na karatasi utaona imeshika pia.

Barua yako nilisomewa na mawimbi, yaani nilikuwa juu ya maboya, nikaisoma mpaka mwisho nikarudia mwanzo, na fisi maji alipita mbele yangu na samaki mdomoni sikumfukuza. Nikamfuata Luhaga anatengeneza mashine. Sikujua naanzaje. Nikamshikia taa. Akasema, "Umeshaambiwa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nishikie vizuri, unanimulika machoni." Tumemaliza hivyo. Sasa hivi analinda vizimba kwa niaba yangu, na bosi kasema nikichelewa nisirudi.

Nilikwenda Kisesa kwa mzee Zadok. Akasema, "Umeniaibisha kijana. Sasa nitaingiaje pale?" Nikamwambia tuingie wote, mimi nitasema. Akacheka mpaka akakaa. Mwoaji hajisemei, akasema, na wewe kuku wa jirani anakushinda kuongea. Nikasema najua. Tukapanda basi asubuhi.

Baba yako alikuwa ametupa macho barabarani, alituona mbali. Nikamwambia "Oyawore, mzee" kama nilivyofundishwa, kumbe hiyo ni ya asubuhi na ilishakuwa jioni. Wajomba wakaangaliana. Nikaongeza shikamoo. Akaitikia marahaba, hakunipa kiti.

Akasema, "Mgeni anajisemea mwenyewe. Mshenga wake kafa?"

Zadok akakohoa. Nikasema, "Hapana mzee, huyu hapa mzima. Jumapili ile alikuwa anakuja. Mimi ndiye nilimzuia."

"Ulisikia mwanangu mwizi."

"Hapana mzee. Mimi sikusikia kitu. Kila mtu alisikia, mimi sikuandikiwa."

Akatoa simu yake shatini, akatafuta, akanionyesha ile picha yako. Ameitunza. Akasema Nathaniel kamwambia asiifute, ni ushahidi. Kumbe huyo Nathaniel anapigiana simu na baba yako. Sawa. Sijasema kitu.

Akauliza, "Hii hukuipata wewe?"

"Sikuipata."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikarudia, Zadok akanisaidia pa kwenye ruhusa na majina. Kwamba ulinifuta kwanza ndipo ukakopa. Kwamba namba yangu ilikuwa kichwani. Kwamba mimi nikadhani nimefutwa kama mtu anayefutwa, nikamzuia mshenga.

Baba yako akafuta kioo kwa kidole. Akaiangalia simu yake, akaiangalia tena. Akamgeukia mama.

"Mimi baba yake," akasema. "Nimemsomesha, nimemtibu. Mimi hakunifuta. Kaniacha humo na wateja wa nywele." Akaninyooshea kidole. "Huyu alimfuta."

Mama akasema, "Hata mimi sikufutwa, na wala sinuni."

"Wewe huna simu ya kununia," baba akasema. Halafu akaniambia, "Mletee kiti huyu," akasahau kwamba aliyesimama ni mimi, nikakileta mwenyewe, nikakaa. Mzee Zadok akaanza maneno yake tangu mwanzo kama vile ndiyo tumefika. Nadhani yamekubaliwa. Hawajasema ndiyo, wanabishana ng'ombe. Baba yako anataka mmoja zaidi, anasema huyo ni wa kutofutwa.

Kwa kweli niliona raha, Akelo. Nimekaa mwezi mzima na kitu kinaniguguna hapa chini ya kifua, na leo nimekiona kimeingia kwa mtu mwingine, mzee mzima. Nilijua alivyokuwa anajisikia. Nilitaka kumwambia asilale kwa ubavu wa kushoto, kinauma zaidi.

Barua hii siitumi kwa mtu. Kesho basi litanishusha Kisesa, nitapanda la Buswelu, nitafika hapo saluni. Nikifika najua nitakuwa bubu, na Winnie atakuwepo, atasema nikaangwe. Kwa hiyo nitakupa bahasha, utasoma, mimi nitakuwa nimesimama mlangoni. Gamba sikuweka.

Kosa langu ni moja na ulishalisema wewe, sina la kuongeza. Niliangalia kila kitu nikaacha kuuliza kwa mdomo.

Kodi ya miezi sita ijayo ni yangu. Nikishindwa nitakuambia nimeshindwa, tutakwenda kukopa wote wawili penye leseni, na maandishi madogo nitasoma mimi. Nasoma polepole, wataningoja.

Namba yangu usiirudishe kwenye simu. Iache hapo ilipo.

Ya Luhaga ifute.

Shimba